DS1307, DS3231 au PCF8563: chipu ipi ya saa inakiri ikipotea?

Msimu wa korosho uliopita kijana mmoja aliniletea memori kadi kutoka ghala moja la huko juu Newala. Ndani mlikuwa na kumbukumbu za joto na unyevu za wiki nne, na karibu zote zilisema ni Julai 12. Kifaa hakikukwama hata siku moja. Kila umeme ulipokatika na kurudi, saa yake ilianza upya Julai 12, saa 4:17 asubuhi, ikahesabu mpaka umeme ukatike tena, kisha ikarudi palepale. Wiki nne za Novemba zikalaliana juu ya siku mbili tatu za Julai.

"Shikamoo mwalimu. Sensa ni nzima, saa ndiyo mbovu," akaniambia.

Saa haikuwa mbovu. Ilikuwa chipu ya DS3231, tena inafanya kazi vizuri. Kilichokufa ni betri yake. Kosa lilikuwa kwenye mstari mmoja wa msimbo ambao naukuta mara nyingi mno, kwa sababu watu wanaunakili bila kuuliza unafanya nini:

`if (rtc.lostPower()) rtc.adjust(DateTime(F(__DATE__), F(__TIME__)));`

Kwa maneno ya kawaida: chipu ikisema "nimepoteza saa", ipe saa ile ambayo programu ilikompailiwa (iligeuzwa kuwa lugha ya mashine) kwenye kompyuta ya mwandishi. Siku ya kwanza mezani inapendeza, maana saa inajipanga yenyewe. Miezi minne baadaye, ghalani, ni uongo unaofanana na ukweli. Chipu ilikiri, msimbo ukaiziba mdomo.

Tangu siku ile, mtu akiniuliza anunue chipu ipi ya saa, sianzi na bei wala na usahihi. Naanza hivi: ikipoteza muda ina njia gani ya kusema, na draiva (msimbo unaozungumza na chipu) inaifikisha kauli hiyo kwa programu au inaimeza? Ulinganisho huu nimeufanya kwa jicho hilo, la mtu anayekagua msimbo wa draiva kabla kifaa hakijapakiwa kwenye gari kwenda Tandahimba au Nachingwea.

Huku kwetu hoja ya kwamba saa itajirekebisha kwa intaneti haina mashiko. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Mwezi huohuo mvua zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, na aliyeagiza kipuri Kariakoo akawa hana la kufanya ila kusubiri. Kifaa kilichoko shambani lazima kiijue saa chenyewe, na kisipoijua kiseme.

Kwa kutupia jicho haraka (I2C ni njia ya nyaya mbili ambayo kifaa huongea na chipu; rejista ni kisanduku cha biti nane, yaani baiti moja, ndani ya chipu; namba zinazoanza na 0x ni za heksadesimali):

| | DS1307 | DS3231 | PCF8563 |
|---|---|---|---|
| Anwani ya I2C | 0x68 | 0x68 | 0x51 |
| Umeme | 4.5–5.5 V | 2.3–5.5 V | 1.8–5.5 V |
| Kristali | ya nje | ya ndani, inafidia joto | ya nje |
| Biti ya kukiri | CH, rejista 0x00 | OSF, rejista 0x0F | VL, rejista 0x02 |
| Kuhamia betri yenyewe | ndiyo | ndiyo | hapana |
| Hifadhi ya ziada | baiti 56 | hakuna | hakuna |

Mstari wa nne ndio unaonishughulisha.

DS1307

Hii ni chipu ya wanafunzi, na nasema hivyo kwa heshima. Rejista zake saba za muda zinasomeka kwa urahisi, moduli zake hazisumbui kupatikana, na anayeandika draiva ya kwanza maishani mwake aanze nayo.

CH (Clock Halt) ni biti ya 7 ya rejista ya sekunde. Ikiwa 1, osileta, yaani mdundo wa kristali unaoendesha saa, imesimama. Kwa kawaida umeme ukiingia kwa mara ya kwanza biti hiyo huwa 1, na saa haiendi mpaka programu iandike 0. Kosa la kwanza ninalolitafuta ni kusoma sekunde bila kuivua biti hiyo. Muda umehifadhiwa kwa BCD, yaani kila tarakimu ya desimali ina biti zake nne, kwa hiyo 0x80 ikipita bila kuchujwa inageuka kuwa sekunde 80. Ukiona sekunde 80 kwenye logi usihangaike na waya uliolegea, nenda kwenye mstari unaosoma rejista 0x00 ukatafute `& 0x7F`.

Kosa la pili ni zito zaidi. Draiva inaona CH ni 1, inaifuta kimyakimya wakati wa kuanza, na saa inaanza kuhesabu kutoka Januari 1, 2000. Afadhali tarehe hiyo kila mtu anaijua kuwa ni ya uongo, tofauti na ile Julai 12. Lakini draiva nzuri hairuhusu hata hilo: inarudisha kosa kwenye kila ombi la kusoma muda mpaka mtu aiweke saa.

Sasa udhaifu wenyewe. CH ni swichi, haitoi ushahidi. Kristali ikisimama kwa sababu nyingine yoyote, CH inabaki 0 na chipu inakupa muda uleule milele bila kulalamika. Kwa mtu wa Dodoma hilo linaweza kuwa jambo la vitabuni. Kwa anayefunga kifaa Mikindani au Kilwa Masoko, upepo wa bahari unaleta chumvi juu ya kila kitu, na utando mwembamba wa chumvi na unyevu kati ya miguu miwili ya kristali unatosha kuyumbisha osileta, maana mkondo unaopita pale ni mdogo mno. Ndiyo maana draiva ya DS1307 naidai mambo mawili ambayo chipu yenyewe haitoi. Mosi, wakati wa kuanza isome sekunde, isubiri zaidi ya sekunde moja, isome tena. Zikiwa zilezile, ikatae. Pili, itumie zile baiti 56 za hifadhi: mtu akiweka saa, iandikwe humo alama inayojulikana. Betri ikifa na umeme ukakatika alama inapotea nayo, na draiva ikikuta alama haipo ijue kwamba hata muda hauaminiki.

Halafu kuna suala la umeme. Chipu hii inataka volti 4.5 au zaidi, kwa hiyo kuilisha volti 3.3 ni kujitafutia matatizo. Zaidi ya hapo, umeme mkuu ukishuka chini ya mara 1.25 ya volti ya betri, chipu inakata mazungumzo. Kwa betri ya volti 3 hiyo ni 3.75. Sola dhaifu jioni inaweza kukufikisha hapo. Kagua basi kama kila wito wa I2C unaangaliwa matokeo yake. Draiva nyingi za kienyeji hazifanyi hivyo: zinasoma takataka iliyokuwamo kwenye bafa (hifadhi ya muda ya data) na kuiita tarehe.

DS3231

Wauzaji wanaisifia kwa usahihi, na sifa hiyo ni ya kweli. Kristali iko ndani ya chipu, joto linapimwa kila sekunde 64, na mwendo unafidiwa. Kati ya nyuzi 0 na 40 inakosea kwa ppm 2 (sehemu mbili kwa milioni) tu kwenda mbele au nyuma, sawa na dakika moja hivi kwa mwaka. Kristali ya kawaida inazidi kuchelewa kadiri joto linavyoachana na nyuzi 25. Ndani ya boksi lililofungwa chini ya bati, tuseme nyuzi 45, inachelewa kama ppm 14, yaani sekunde 36 hivi kwa mwezi, kabla hujaongeza kasoro ya kiwandani ambayo mara nyingi hufika ppm 20.

Lakini kwa ghala la korosho, sekunde 36 zinamuumiza nani? Mzigo unapokelewa kwa tarehe na unyevu unarekodiwa kila robo saa. Mimi DS3231 siinunui kwa ajili ya sekunde. Naipenda kwa sababu ya OSF.

OSF (Oscillator Stop Flag) ni biti ya 7 ya rejista 0x0F. Osileta ikisimama kwa sababu yoyote, iwe umeme umeingia kwa mara ya kwanza, umeme mkuu na betri vyote vimeshuka, au kristali imeyumbishwa, biti inapanda kuwa 1 na inabaki hapo mpaka programu iishushe. Umeme ukirudi haiondoki. Inasubiri kuulizwa, kama shahidi aliyekaa nje ya mahakama.

Kwa hiyo ninapokagua, swali langu la kwanza ni moja: OSF inafutwa wapi? Jibu linalokubalika ni sehemu moja tu, mwishoni mwa `set_time`, sehemu ya draiva inayoweka saa, baada ya baiti zote saba kuandikwa na I2C kukubali. Ikifutwa mapema halafu uandishi ukakwama katikati, umempoteza shahidi. Ikifutwa wakati draiva inaanza, umemfukuza kabla hajaongea. Na `read_time`, ile inayosoma saa, ikikuta OSF ni 1 irudishe kosa. Kwenye kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux kosa hilo ni `-EINVAL`.

Hapo kwenye kerneli kuna jambo la kujua. DS1307, DS3231 na ndugu zao wengi wanahudumiwa na faili moja, `drivers/rtc/rtc-ds1307.c`. Kwa miaka mingi faili hilo lilikuwa likiifuta OSF ya baadhi ya chipu, DS3231 ikiwamo, wakati wa kuanza, na kuandika onyo la `SET TIME!` kwenye logi basi. Anayetumia kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye kerneli ya zamani aangalie `dmesg`, amri inayoonyesha logi ya kerneli, kila baada ya kuwasha, maana onyo hilo huenda likawa ndiyo kauli pekee atakayoipata. Kwenye mipangilio andika jina sahihi la chipu pia, `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`. Kwa kuwa anwani ni ileile 0x68, ukiiita ds1307 itasomeka vizuri tu, ila draiva itakuwa inamtafuta shahidi kwenye nyumba isiyo yake.

Rejista 0x0F ina mtego mwingine. Humo humo ndimo zinamokaa alama za kengele mbili, A1F na A2F. Ukizisoma, ukaishusha OSF, ukaandika baiti nzima, kengele iliyolia katikati ya kusoma na kuandika inafutika. Uzuri ni kwamba kuandika 1 kwenye alama hizo hakubadilishi kitu, kwa hiyo unapofuta OSF ziandikie 1 na zitabaki zilivyo. Jambo dogo, lakini pampu ya maji iliyopangwa kuwaka saa 11 alfajiri ikikosa kengele yake, kina mama wanakaa na ndoo mpaka jua linachoma.

Rejista ya jirani, 0x0E, ina EOSC. Ni biti inayosimamisha osileta ikiwa 1, tena inafanya hivyo chipu ikiwa kwenye betri peke yake. Nimeona draiva ikiandika 0x80 pale mwandishi akidhani anawasha. Mezani kila kitu kinakwenda, kwa sababu umeme mkuu upo. Ukikatika, saa inasimama. Rejista hiyo isomwe kwanza, ibadilishwe biti inayohusika tu, kisha irudishwe.

Lililobaki ni la fundi, halina uhusiano na msimbo. Moduli ile ya bluu iliyoandikwa ZS-042 ina diodi na rezista zinazojaribu kuchaji betri. Ukiweka CR2032, ambayo haichajiki, na kuilisha moduli volti 5, unaiumiza. Betri ya yule kijana wa Newala niliikuta imevimba. Ng'oa ile rezista au diodi kabla ya kufunga, na hilo si la kuahirisha.

PCF8563

Ya kampuni ya NXP, inakula umeme kidogo sana, na wanaochora bodi zao wenyewe wanaipenda. Biti yake ya kukiri, VL (Voltage Low), imekaa juu ya rejista ya sekunde kama CH, lakini inafanya kazi ya ushahidi: volti ikishuka chini ya kiwango ambacho chipu inaweza kuutetea muda wake, VL inapanda na kubaki. Na kwa kuwa iko kwenye baiti ileile ya sekunde, kila anayesoma muda anaipata bure, bila wito wa pili wa I2C. Kwa upande huo mpangilio wake naupenda kuliko wa DS3231. Faili la kerneli, `rtc-pcf8563.c`, linakataa kutoa muda VL ikiwa imepanda.

Tatizo lake ni watu kunakili. Mtu anachukua draiva ya DS1307, anabadilisha anwani kuwa 0x51, anaanzia rejista 0x02, na anaona sekunde, dakika na saa zinakuja sawasawa. Hapo anapumzika. Lakini DS1307 inatanguliza siku ya wiki kisha tarehe, na PCF8563 inatanguliza tarehe kisha siku ya wiki. Chukua Jumatano, Oktoba 23, 2024. Draiva ya kunakili inachukua siku ya wiki ikiidhani tarehe, na Jumatano kwa hesabu ya chipu hii ni 3. Mzigo wa tarehe 23 unaandikwa Oktoba 3. Hakuna kosa linalotokea wala onyo, na mwezi mzima tarehe hazipiti 6.

Pia haihamii betri yenyewe. Mchoro wa bodi unatakiwa uwe na diodi mbili au chipu ya kubadili umeme. Kama mwenye bodi hakuziweka, hakuna draiva itakayomwokoa.

Mitego isiyochagua chipu

Baiti saba zisomwe kwa wito mmoja. Draiva inayosoma saa kwa wito wake na dakika kwa wito wake itakuja kusoma saa ikiwa bado tatu na dakika 59, kisha dakika zikiwa zimeshageuka 00, na kukuambia ni saa tatu kamili. Umerudi nyuma saa nzima. Kosa hili linaweza kujificha mwezi mzima, na siku likijitokeza kila mtu anasingizia umeme.

Mwezi kwenye `tm_mon` ya lugha ya C unaanza 0, kwenye chipu unaanza 1. Mwaka kwenye `tm_year` unahesabiwa kutoka 1900, kwenye chipu ni tarakimu mbili tu. Haya yanajulikana. Siku za wiki ndizo zinatuchanganya zaidi sisi, kwa sababu Kiswahili kinaanza kuhesabu Jumamosi, C inaanza Jumapili kwa 0, na DS1307 inataka 1 hadi 7 bila kujali ya kwanza unaiita nani. Amua mara moja na uandike uamuzi huo kwenye maelezo ya msimbo.

Na saa za Kiswahili! Nimeshakagua draiva iliyokuwa inapunguza saa sita ndani ya `read_time` ili skrini ionyeshe saa moja asubuhi badala ya 07:00. Nia ni njema, na mimi mwenyewe nataka mzee wa ghala asome saa anayoijua. Lakini ukipunguza sita kutoka 03:00, tarehe inarudi jana. Kwenye chipu hifadhi UTC (saa ya kimataifa), kwenye programu ongeza 3 upate saa za Afrika Mashariki, na saa za Kiswahili zifanyie hesabu pale tu maandishi yanapochorwa kwenye skrini.

Nani achukue ipi

Kwa kumbukumbu ambazo mtu anaweza kuja kuzibishania, kama unyevu wa korosho ghalani au muda wa kupokea mzigo kwenye AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), chukua DS3231 na usiyumbishwe na tofauti ya bei. Chunguza maandishi yaliyo juu ya chipu, kwa sababu ipo DS3231M ambayo inakosea hadi ppm 5. Kwa kazi ya ghala inatosha, ili mradi ujue umenunua nini.

Kwa darasa, chukua DS1307. Mwanafunzi aliyehangaika na CH na akatengeneza alama yake ndani ya baiti 56 ataielewa OSF kwa dakika tano. Mbali na darasa, hasa ufukweni, sipendekezi mtu aifunge bila ile kinga ya kusoma sekunde mara mbili.

PCF8563 nampa anayetengeneza bodi yake mwenyewe kwa sola na betri ndogo, mwenye uwezo wa kuchora diodi zake na uvumilivu wa kuandika draiva kutoka kwenye hati ya chipu, bila kunakili ya jirani.

Yule kijana tulimbadilishia mstari wake. Sasa `lostPower()` ikirudisha ndiyo, kifaa kinawasha taa nyekundu na kuandika safu ya tarehe tupu, huku vipimo vya joto na unyevu vikiendelea kurekodiwa pamoja na hesabu ya sekunde tangu kiwashwe. Kabla hajapanda gari kurudi Newala nilimwomba afanye jaribio mbele yangu: ang'oe betri, azime umeme, ahesabu mpaka kumi, awashe. Taa ikawaka nyekundu. Akaweka saa, ikazima. Akarudisha betri, akazima umeme tena, akaenda kunywa chai, akarudi na kuwasha. Taa haikuwaka, na saa ilikuwa sawa na ya simu yake.

"Nikikuta nyekundu kule?" akauliza.

Nikamwambia abadilishe betri kwanza, aiweke saa baadaye, na asimruhusu mtu yeyote aizibe ile taa kwa gundi.